Mwonja Njahi wa Wodi ya Wazazi

Nyinyi mnaoingia jikoni siku hizi na kofia nyeupe na cheti cha miaka mitatu, vuteni viti kidogo. Sitawachelewesha, maana nina maharagwe motoni na mimi si mtu wa kukaa mbali na sufuria. Mjukuu wangu, ambaye ni mmoja wenu, ameniambia kwamba mnafundishwa somo zima juu ya mzio wa chakula, na kwamba mna kadi za rangi za kuning'iniza kitandani kwa mgonjwa: nyekundu ya karanga, ya manjano ya maziwa, na ya zambarau sijui ya nini. Akanitaka niwaandikie tulivyofanya sisi. Nikamwambia, tuliyofanya sisi yatawachekesha tu, hamtajifunza kitu. Akasema, "Babu, wewe andika. Watachagua wenyewe."

Haya, chagueni.

Miaka ya hamsini nilikuwa mpishi katika hospitali moja ndogo hapo Thika. Nilizaliwa Majengo, karibu sana na hospitali hiyo hivi kwamba mama yangu akikohoa nilimsikia nikiwa kazini. Nilisoma mpaka kidato cha pili, elimu ambayo siku zile ilitosha kufanya manesi wakuite Profesa, lakini haikutosha kukupatia kiti katika ofisi yoyote. Tena mimi ni mtu wa ndani tangu tumboni. Waliokwenda Nairobi kutazama magari niliwaonea huruma. Hata Ruiru, ambayo iko hapo tu, kwangu ilikuwa safari ya kuaga watu. Kwa hiyo niliposikia kuna kazi ambayo mtu hukaa ndani kutwa, karibu na moto, na chakula kikamkuta hapo hapo, nilijua Mungu amenielewa.

Kutoka jikoni hadi wodini palikuwa na kibaraza cha hatua thelathini. Katika miaka yangu minne ya kwanza sikukipita. Chakula kilipanda toroli, nesi Njoki akakisukuma, sahani zikarudi. Nilianza kushuku kwamba hakuna wagonjwa kabisa, ni hadithi aliyotunga Njoki ili apate viazi vya ziada.

Njoki huyu alikuwa msichana wa Kiuu, na ulimi wake ulikuwa umenolewa pande zote mbili. Ngeli za Kiswahili alizikanyaga zote bila kuomba radhi. Ukimsahihisha alikuambia, "Profesa, umesikia nimesema nini? Umesikia. Basi imefika."

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kombo, mpishi mkuu, mtu mfupi mwenye tumbo la heshima. Alinifundisha kupika wali wa watu sitini bila ukoko: ukisikia sufuria imeacha kuzungumza na imeanza kunong'ona, punguza moto. Alinifundisha kukata vitunguu nikiwa na maji mdomoni ili nisilie, na vilevile nisiongee. Lakini somo lake kubwa lilikuwa hili: mpishi hodari haitazami sahani ikienda, huitazama ikirudi. Kila toroli iliporudi alisimama kwenye karai la vyombo, mikono nyuma, akazisoma sahani kama mtu asomaye gazeti.

"Huyu amekula nyama akaacha mchuzi. Chumvi imezidi. Huyu amekula nusu, mifupa akaipanga vizuri pembeni. Huyo ana mawazo ya kwao. Na hii imelambwa kabisa. Mwongezee kesho, au mwulize Njoki kama mbwa aliingia."

Mimi nilimheshimu, lakini moyoni nilimcheka. Nilikuwa na kidato cha pili. Mtu wa kidato cha pili angesomaje mifupa?

Adhabu yangu ya kwanza ilikuja na makopo ya maziwa ya unga. Yaliletwa mengi, na kwenye kopo paliandikwa kwamba yanajenga mwili. Wodi ya wanaume ilikuwa imejaa vibarua wa mashamba ya mkonge na kahawa, watu wazima waliokonda. Nikaamua kuwajenga. Kila mmoja kikombe kikubwa asubuhi, kikombe kikubwa jioni, na kwa yule mrefu wa mwisho nikaongeza kimoja kwa sababu alikuwa na mwili mwingi wa kujengwa.

Siku ya pili Njoki akasimama mlangoni pa jiko, toroli tupu mbele yake.

"Profesa, hao wanaume umewapa nini?"

"Nguvu."

"Basi nguvu imetoka yote. Kuja uone laini ya choo. Wengine wamekata tamaa, wameenda kwa migomba."

Nikakataa kwenda kuona. Nilimwambia nina kazi nyingi. Mzee Kombo alicheka mpaka akaketi juu ya gunia la viazi, kisha akanieleza jambo ambalo nyinyi mnalipata kwa mihadhara. Ndama hunywa maziwa, akasema, ng'ombe mkubwa hula majani. Kuna watu wengi ambao wakishakuwa wakubwa tumbo lao huyasahau maziwa, na ukiyaleta kwa wingi halijui lifanye nini na mgeni huyu, linamfungulia mlango wa nyuma. Mpe kidogo kidogo, au mpe yaliyoganda, au muache. Hatakufa, ila hatakupenda.

Hilo liwekeni upande mmoja wa kichwa. Upande wa pili wekeni hili ninalokuja kuwaambia, kwa sababu watu huyachanganya hata leo, na mimi niliyachanganya kuliko wote. Tumbo kushindwa na chakula ni jambo moja, na mwili kupigana na chakula ni jambo jingine. La kwanza hukukimbiza. La pili hukukaba.

Kwenye wodi ya wazazi, kitanda cha saba, alilazwa mama kijana aitwaye Wangari, mkewe Kamau wa Gatong'ora. Alikuwa amepasuliwa, akapata binti, na kidonda kilichelewa kufunga, kwa hiyo akakaa nasi muda. Kamau mwenyewe alikuwa mbali, kama waume wengi wa miaka ile, na sisi tulijifunza kutouliza mbali wapi.

Jumapili ya kwanza, jioni, Njoki akaleta habari kwamba mama wa kitanda saba anajikuna midomo. Nikasema ni joto. Jumatano akaja tena.

"Amefura uso, macho hayaonekani. Ametapika. Matroni anasema ni chakula yako."

Matroni wetu tulimwita Bibi Saa. Alikuwa mzungu mwembamba aliyebandika saa kifuani, na kila alipoitazama ilionekana kama saa ndiyo iliyokosa. Daktari alisimamisha vidonge vyote alivyokuwa akimeza Wangari, kwa hiyo kilichobaki kushukiwa ni jiko. Bibi Saa alikuja mwenyewe, akanusa sufuria moja moja.

"Mpishi. Hii mama nakula nini?"

Hapo kidato cha pili kikaamka ndani yangu. Nilikumbuka somo la sayansi: ukitaka kujua mkosaji, ondoa kitu kimoja, ungoje. Wazo lenyewe ni zuri na nyinyi mnalitumia hadi leo. Mimi nililitumia kama mtu anayeua mbu kwa shoka. Nilimwondolea mayai. Nikaondoa mkate. Nikaondoa maharagwe yetu ya kila siku, nyanya, nyama, na pilipili manga ambayo hata haikuwepo. Nikachemsha mwiko. Nikabadilisha sabuni ya vyombo. Niliandika yote kwenye daftari, nimepiga mistari kwa rula, na siku moja kwa kuchanganya sahani nikampakulia mzee wa vidonda vya tumbo yale mayai matatu niliyomwondolea Wangari, akayala yote akaomba na kesho.

Kufikia mwisho wa juma Wangari alikuwa akila nduma iliyochemshwa bila chumvi, na maji.

"Mpishi," akasema Bibi Saa, "hii mama nakula kama mfungwa."

"Lakini hafuri tena, Memsahib."

Na kweli, tangu Alhamisi hakufura. Nikatembea humo jikoni kifua mbele. Nilimweleza Mzee Kombo maana ya neno sayansi. Yeye akaendelea kumenya viazi.

Jumapili alasiri Njoki alikuja mbio bila toroli. Sijawahi kumwona Njoki bila toroli wala bila maneno, na siku hiyo alikosa vyote viwili. Wangari alikuwa akipumua kama filimbi. Daktari alimchoma sindano, akamchoma ya pili, na baada ya muda ule usiopimika pumzi ikarudi. Mtoto alikuwa akilia pembeni, hajanyonya.

Bibi Saa hakunikaripia. Alisema taratibu, "Mara ingine, wewe nakwenda nyumbani." Nikajibu ndiyo. Mimi ni mtu ninayependa nyumbani, lakini nyumbani kwetu walikuwamo dada zangu watatu, na kila mmoja alikuwa na maoni. Hata hivyo siku hiyo sikujifikiria sana, jambo ambalo kwangu ni nadra. Nilifikiria kwamba mara ya kwanza ilikuwa midomo, ya pili uso, ya tatu pumzi. Sikuhitaji rula kuona mstari huo unaelekea wapi. Ya nne angeondoka.

Mzee Kombo akaweka kisu chini. "Sahani yake inarudi vipi?"

"Nduma imeliwa."

"Kila siku?"

Sikuwa nimetazama. Njoki ndiye aliyejibu. "Kila siku inaisha. Ila Jumatano na Jumapili, ile ya jioni. Hiyo inarudi vile ilienda. Nilidhani ni juu ya kufura."

"Mtu aliyefura hali," nikasema.

"Au aliyeshiba," akasema Mzee Kombo. "Jumatano na Jumapili kuna nini huko wodini?"

Njoki akatutazama kama watu wawili wasiojua jua hutokea wapi. "Ni siku ya wageni."

Miaka minne. Sikuwa na habari kwamba wageni wana siku.

"Na hao wageni," nikauliza, "huja na chakula?"

"Imekatazwa," Njoki akasema, akitazama dari.

Jumatano iliyofuata nilizivuka zile hatua thelathini. Niliona haya kusimama wazi katikati ya akina mama, nikajificha nyuma ya pazia la wodi, lile la chuma lenye magurudumu ambalo huzungushiwa mgonjwa akifungwa kidonda. Sikujua kwamba pazia lile huishia magotini. Sikujua pia kwamba ukiliegemea linatembea. Bibi mmoja aliyekuja kumwona bintiye akaisalimu miguu yangu, "Habari, daktari," nami nikaitika kwa sauti ya daktari. Nikawa nasukumwa na pazia langu, kitanda cha tatu, cha nne, cha tano, kila mtu ananipisha, mpaka likagonga kitanda cha saba likasimama lenyewe.

Aliyeketi pale alikuwa Nyina wa Kamau, mama mkwe wa Wangari, mwanamke mrefu mwenye kichwa kilichonyolewa kiking'aa. Miaka ile ya hali ya hatari mama wa Gatong'ora hakuamka tu akatembea hadi Thika. Ilibidi asimame kwa headman, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, kuanzia alfajiri, apewe pasi ya siku moja, na aonyeshe pasi hiyo kila alipoambiwa onyesha. Alikuwa amefanya hivyo kwa kila siku ya wageni. Kutoka ndani ya kiondo, chini ya nguo za mtoto, akatoa kisufuria kilichofungwa kwa shuka ili kisipoe. Njahi.

Wale wa mbali na kwetu, njahi ni maharagwe meusi yenye mstari mweupe mgongoni, na kwa Wakikuyu ndiyo chakula cha mama aliyezaa. Humpikia, huiponda na ndizi mbivu, naye huila mpaka maziwa yajae. Nyina wa Kamau alichota kijiko akakinyanyua. Niliuona uso wa Wangari juu ya ukingo wa pazia. Alikitazama kijiko kile kama mtu anayetazama gari lililokatika breki. Kisha akafungua mdomo.

Nikatoka nyuma ya pazia nikashika kijiko.

"Mama," nikasema, "sheria ya hospitali. Chakula cha nje lazima mpishi aonje kwanza."

"Sheria ya lini?"

"Mpya."

Nikaonja. Kijiko kimoja hakingesaidia kitu, kwa hiyo nikaonja cha pili. Na cha tatu. Jamani, ilikuwa tamu. Sijapata kula uongo mtamu kama ule.

"Kuonja ni kidogo," akasema Nyina wa Kamau. "Wewe unakula kama mtu amezaa."

"Sheria inasema mpaka chini, mama. Ugonjwa hukaa chini ya sufuria."

"Sufuria yangu mimi?"

Nikamaliza nikalamba kijiko. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wamejifunika blanketi, blanketi zinatikisika. Nyina wa Kamau alikifunga kisufuria chake kitupu polepole, akasema Jumapili ataleta kikubwa, akaondoka na shingo imenyooka.

Wangari alicheka mpaka akashika kidonda chake, halafu kicheko kikageuka. Akanieleza. Tangu utotoni njahi humkataa. Hivyo ndivyo tulivyosema, kabla hamjatuletea neno mzio. Mama yake mzazi alijua na hakumpikia. Kwa akina Kamau, siku za njahi, alikuwa akimpa mtu mwingine sahani yake gizani. Lakini hapa hospitalini mama mkwe alikaa uso kwa uso naye, kijiko mkononi.

"Si umwambie?"

"Nimwambie nini? Mtoto wa kwanza wa kike anachukua jina la mama ya bwana. Huyu ni Wanjiku, kama yeye. Sasa mimi nikatae njahi yake? Atasema nimekataa jina. Atasema mtoto nimemnyima maziwa makusudi. Kamau hayuko. Mimi niko kwao na mtoto, peke yangu."

"Nitamwambia Matroni azuie."

"Matroni atafukuza mama wote wenye viondo. Na watajua ni mimi nimefanya." Akanishika mkono. "Mpishi, wewe onja tu."

Nyinyi mmesoma, mtaniuliza mtu mwenye akili alikubalije. Nilikubali kwa sababu alikuwa akilia. Na ile njahi ilikuwa tamu.

Kosa langu lilikuwa kudhani uongo ukiusema kitanda cha saba unabaki kitanda cha saba. Kufikia Jumapili ulikuwa umefika Gatong'ora, Kiuu na kila mahali panapotoka wagonjwa. Bibi Saa naye aliusikia. Aliniita, nikajua nimekwisha, kumbe alikuwa akitabasamu. Alikuwa amehangaika na vyakula vya nje kwa miaka. "Mzuri sana, mpishi. Sasa wote naonja." Akabandika karatasi mlangoni.

Nilipotokea saa nane, akina mama walikuwa wamepanga laini kutoka kitanda cha kwanza hadi kibarazani, viondo vimefunguliwa, vijiko tayari. Nilikula irio. Nilikula viazi vitamu. Nilikula mukimo wa kitanda cha pili, na mwenyewe akaniuliza kama kweli wa jirani yake ulikuwa bora, nikalazimika kurudia wote wawili. Kitanda cha nne palikuwa na babu aliyebeba kibuyu cha maziwa, akanimiminia kikombe.

"Kidogo tu, mzee."

"Kidogo ni ya mtu mgonjwa. Wewe ni mgonjwa?"

Nikanywa. Akamimina kingine, kwa sababu ugonjwa hukaa chini. Sheria yangu mwenyewe.

Nilikuwa nimefika kitanda cha tano tumbo langu liliponiarifu kwamba nalo ni mojawapo ya yale yaliyosahau maziwa. Sikuaga mtu. Nilizivuka zile hatua thelathini kwa nane. Huko nilikokaa, jasho likinitoka, nilisikia sauti ya Njoki ukutani nje: "Profesa, hiyo ni nguvu inatoka?" Hapo hapo nilikumbuka kitanda cha saba hakina mwonjaji.

Nilirudi nikikimbia, mkono mmoja kiunoni ukishikilia suruali. Nyina wa Kamau alikuwa amefungua visufuria viwili. Kimoja kidogo alikuwa amekiweka kando juu ya kabati. Baadaye nilijua kilikuwa changu. Kikubwa kilikuwa mapajani mwake na kijiko kilikuwa karibu na midomo ya Wangari, na Wangari alikuwa amefumba macho na kufungua mdomo.

"Mama," nikasema kutoka mlangoni, na wodi nzima ilisikia, "hiyo itamuua."

Kijiko kikasimama. Vijiko vyote vya wodi ile vikasimama. Nilisogea na kusema lililobaki kwa sauti ndogo, kwamba hakuna sheria, niliitunga. Kwamba njahi si chafu wala mpishi wake si mbaya. Kwamba mwili wa Wangari unaiona njahi kama adui na unajikaba wenyewe ukipigana nayo, na kila mara unakaba zaidi. Nilisema maneno mengi. Nyina wa Kamau hakuwa akinisikiliza tena. Alikuwa akimtazama mkaza mwanawe.

"Ni kweli?"

Wangari akatikisa kichwa kukubali.

"Tangu lini?"

"Tangu nikiwa mtoto."

"Na ulikuwa unakula."

"Ni wewe ulileta."

Nyina wa Kamau akarudisha kijiko sufuriani. "Nimesimama kwa headman," akasema, "nikaitwa majina, nikapekuliwa kiondo, ndio nije nikuue na mkono wangu."

Mtoto alikuwa amelala kati yao, ngumi mbili juu ya kifua kama mtu anayesubiri kesi yake itajwe.

"Huyu anaitwa nani?" akauliza Nyina wa Kamau.

"Wanjiku."

"Wanjiku ni nani?"

"Ni wewe," akasema Wangari.

"Basi aliyezaliwa hapa ni mimi. Na wewe uliyenizaa ni nani wangu?"

Kwa Wakikuyu jina halibandikwi juu juu. Bibi huzaliwa tena katika mjukuu, na hesabu hiyo ukiifuata mpaka mwisho inakwenda mahali ambapo mama mkwe wachache hupenda kufika. Nyina wa Kamau alifika mwenyewe, bila kusukumwa.

"Maitu," akamwita. Maana yake mama yangu. "Mtoto hamlazimishi mamake kula."

Akachukua kijiko, akaanza kuila ile njahi yeye mwenyewe, taratibu, mbele ya watu wote, mpaka chini. Kile kisufuria kidogo akanisukumia mimi bila kunitazama. Nikakaa ukingoni mwa kitanda nikala, kwa sababu nilielewa hiyo si njahi ya kukataliwa.

Alipomaliza akafuta mdomo kwa shuka. "Sasa, maitu. Wewe mwenyewe unataka kula nini?"

Nawaambia ukweli wanangu, hapo ndipo nilipotaka kujificha tena nyuma ya pazia. Nilikuwa na daftari lenye mistari ya rula. Nilikuwa nimemwondolea mtu huyu kila kitu cha duniani. Daktari alimpima, Bibi Saa alimnusia sufuria, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemuuliza swali hilo. Angeulizwa siku ya kwanza, pengine angetaja na kinachomkataa. Kadi zenu za rangi ni nzuri, zining'inizeni. Lakini kabla ya kuandika chochote juu yake kaeni kitandani mwulizeni mtu, na mkimaliza kumwuliza mwulizeni tena wageni wakiwa wamekwenda.

Wangari aliinamisha macho. "Nikisema utakasirika."

"Sema."

"Kile huyu mpishi anapikia wafanyakazi Ijumaa. Harufu yake inafika mpaka hapa. Samaki."

Mkono wa Njoki ulikwenda mdomoni. Kizazi cha Nyina wa Kamau, huko Gatong'ora, kilimweka samaki rafu moja na nyoka. Hakuliwa, hakuguswa, wengine hawakukaa hata mahali ilipofika harufu yake. Nikamwona mama yule, aliyekuwa ametoka kupanda mlima mmoja mrefu, akiinua macho na kukuta kuna mwingine mbele yake.

Nilimnong'oneza Nyina wa Kamau kwamba si lazima, nitampa Wangari kuku. Tena samaki ni mmoja wa wanaokataa watu, itabidi nianze na kipande kama ukucha, tukae tumtazame, daktari awe karibu.

Akasimama. Akakung'uta shuka, akauvaa mkanda wa kiondo kichwani, akatangulia kuelekea kibarazani ambako mimi mwenyewe nilikuwa nimepita mara chache za kuhesabika. Jikoni Mzee Kombo alimvutia kiti, hakukaa. Nikamtoa samaki wa ngege niliyekuwa nimemtunza kwenye beseni la maji baridi, nikamlaza juu ya ubao. Nyina wa Kamau alimtazama akiwa mbali, akasogea hatua, akamtazama tena.

"Mpishi," akasema, "huyu mnachuna, ama anapikwa na nguo zake?"